Lundo au hanga, kasha la bibi au mizani ya skrepa: wapi pa kutafuta vya zamani Tanga

Mpenda vya zamani aliyeko Tanga ana mahali pane pa kwenda. Kuna mtumba wa lundoni, unaomwagwa juu ya turubai na kuchaguliwa kwa kuinama. Kuna mtumba wa hanga, ambao mwenzako keshauchagua, kaufua, kaupiga pasi na kuutundika, siku hizi zaidi kwenye simu kuliko kibandani. Kuna kasha la nyumbani, la bibi au la shangazi. Na kuna mizani ya mnunuzi wa skrepa, ambako mrashi wa shaba, kile chombo cha kunyunyizia marashi, huingia gunia moja na koki mbovu.

Wanaoniuliza waanzie wapi huuliza kwanza bei. Mimi naona swali la kwanza liwe jingine: unatafuta uzee wa nani? Gauni la miaka ya sabini utakaloliokota lundoni lilishonwa Ujerumani au Marekani, likavaliwa huko na mtu usiyemjua, likavuka bahari likiwa limebanwa ndani ya belo. Kanga utakayoonyeshwa na bibi ilivaliwa hapahapa, kwenye arusi ambayo bado kuna watu wanaikumbuka. Vyote viwili vinafurahisha, ila furaha zenyewe ni mbili, na njia za kuzifikia hazifanani hata kidogo. Upande wangu nausema mapema: kwa nguo za kuvaa naegemea lundo, kwa kanga na vyombo naegemea nyumbani. Hanga na skrepa nazo zina siku zake, na nitazitaja.

Nguo: lundo na hanga

Belo la kawaida lina kilo 45. Likikatwa kamba asubuhi, wa kwanza kulizunguka ni wachuuzi wenyewe na wale wenye wateja wa simu. Wanachomoa grade one, wanaweka pembeni. Zinazobaki ndizo zinazomwagwa, na hapo bei inakuwa moja kwa kila kitu: "Elfu mbili, elfu mbili, chagua mwenyewe dada, chagua mama!" Jua likigeuka inakuwa buku, na wakati wa kufunga, jero haikosekani.

Bei moja hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kulipenda lundo. Muuzaji wa lundo haangalii umri wa nguo. Anaangalia kama ina tundu, kama ina doa, kama mtindo wake unavaliwa mwaka huu. Blauzi ya kola ndefu ya miaka ya sabini, yenye vifungo vilivyovishwa kitambaa chake chenyewe, inalala pamoja na blauzi iliyotoka kiwandani juzi, na zote ni elfu mbili. Kwa muuza hanga nafasi hiyo haipo. Yeye keshasoma lebo, keshatafuta jina la kampuni kwenye simu, na bei imepanda kabla hujafika.

Lundo basi linamlipa anayejua kusoma nguo, na kusoma nguo ni kazi ya kujifunza kama kazi nyingine. Anza na mkono kabla ya jicho. Ukiinama juu ya turubai, rangi kali zitakuita, nazo mara nyingi ni nailoni ya juzi. Ingiza mkono ndani, pitisha vidole kati ya nguo na nguo, na usikilize uzito. Pamba nzito, sufu, kitani na hariri zina baridi na uzito ambao poliesta haina. Ukikigusa kitu cha namna hiyo, kivute, halafu kigeuze ndani nje.

Ndani ndiko kwenye habari zote. Gauni la zamani lililoshonwa kwa uangalifu limeachiwa akiba ya kitambaa kwenye mshono, pengine upana wa vidole viwili, ili fundi aweze kuachia mwenye nguo akinenepa. Pindo la chini limeshikwa kwa mkono, na ukiangalia upande wa nje sindano huioni. Maua ya kitambaa yanakutana pale mshono unapopita. Aliyekata alipoteza kitambaa kusudi ili ua lisikatike shingo. Zipu nayo tazama: meno ya chuma kwenye gauni la kike kwa kawaida yanakurudisha nyuma, kwa sababu zipu za nailoni zilianza kuenea miaka ya sitini na kuzisukuma za chuma pembeni.

Halafu lebo. Iliyoandikwa "Made in West Germany" imetoka kabla Ujerumani mbili hazijaungana Oktoba 1990, na hapo huhitaji mtaalamu. Nguo iliyoandikwa Czechoslovakia ni ya kabla ya 1993. Nguo za Marekani zina alama zake: sheria ya huko iliyoanza kutumika mwaka 1972 iliwalazimu watengenezaji kushona lebo ya maelekezo ya kufua, kwa hiyo nguo isiyo na lebo hiyo, na isiyo na dalili ya kuchanwa lebo, huenda ni kongwe zaidi. Ukikuta kilebo kidogo chenye herufi ILGWU, hicho ni cha chama cha wafanyakazi walioshona nguo za kike. Chama hicho kiliungana na kingine mwaka 1995 na herufi zake zikaisha hapo. Fulana yenye mshono mmoja tu kwenye pindo la mikono na la chini, badala ya mistari miwili, kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya miaka ya tisini. Na wapenda jinzi wote wanajua kutazama kile kitambaa chekundu kwenye mfuko wa nyuma wa Levi's: herufi E ikiwa kubwa, LEVI'S, suruali ni ya kabla ya 1971 au ni toleo jipya lililoiga la zamani. Angalia basi na uchakavu wa riveti na wa pindo kabla hujashangilia.

Hakuna alama hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Zikikutana tatu kwenye nguo moja, wallahi moyo unapiga, na hapo ndipo utulivu unahitajika. Ishikilie nguo pamoja na nyingine mbili za kawaida, uliza bei ya zote tatu, lipa, shukuru. Muuzaji hajadhulumiwa, ametaja bei yake mwenyewe kwa kila kilichoko kwenye turubai.

Sasa hanga. Mtu mwenye kazi ya kuingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja hana asubuhi ya kuinama sokoni Ngamiani, na kwake hanga ni njia halali kabisa. Nguo imefuliwa, imepigwa pasi, kasoro imetajwa, na ukiagiza inafika kwa bodaboda. Kwa makoti, suti na viatu vya ngozi mimi mwenyewe nampendelea wa hanga, kwa sababu vitu hivyo vikishalaliwa na lundo zima haviamki tena: bega la koti likivunjika, hakuna pasi ya kulirudisha. Gauni la kwenda kwenye shughuli Jumamosi hii pia usilitegemee lundoni. Lundo halina haraka na haliheshimu tarehe ya mtu.

Ila picha inaficha mengi. Mwombe muuzaji picha tatu kabla ya kutuma pesa: ya kwapa kwa ndani, ya lebo, na ya zipu ikiwa imefungwa mpaka juu. Jasho la zamani huacha njano isiyotoka, na kwenye hariri hula kitambaa chenyewe. Ukikivuta kidogo kinaachia. Usikubali kuambiwa saizi kwa herufi au namba. Namba za zamani zilikuwa ndogo kuliko za sasa, na gauni la miaka ya sitini lililoandikwa 12 halimwingii anayevaa 12 ya leo. Taka sentimita za kifua, kiuno na urefu, ulinganishe na gauni lako linalokukaa vizuri. Muuzaji anayeona uvivu kupima, mwache.

Kasoro nyingine ya hanga ni kwamba umechaguliwa na jicho la mtu mwingine. Muuzaji wa simu anachukua kinachouzika: maua, dira, koti la jinzi. Shati la kazi la mfanyakazi wa reli wa nchi fulani, lenye viraka vilivyoshonwa kwa uzi wa rangi tofauti, yeye ataliruka. Na pengine wewe ungelipenda shati hilo kuliko yote.

Njia zote mbili zinaishia kwa fundi, na Tanga mafundi wa barazani hatujawakosa. Mweleze wazi kwamba unataka kuipunguza nguo bila kukata akiba ya mshono. Akunje ndani, asichonge. Zipu ya chuma ikigoma usimruhusu aing'oe haraka. Isugue meno kwa kipande cha mshumaa, ipandishe na kuishusha taratibu, mara nyingi inaamka. Na nguo za ndani za mitumba, ziwe lundoni au kwenye hanga, ziache kabisa. Shirika la viwango, TBS, limezikataza, na sababu ni ya afya yako.

Kasha la nyumbani

Lundoni hutapata nguo zetu za zamani, au utazipata kwa bahati ya ajabu. Wakati wa Ujamaa mitumba haikuwa na uwanja huu. Milango ya biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, na lundo tunalolijua lilikua baada ya hapo. Kabla yake mtu alinunua kitambaa akampelekea fundi. Kitambaa chenyewe mara nyingi kilikuwa cha viwanda vya hapa, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kaunda suti ya babu, gauni la kitenge la mama lenye mikono ya kupuliza, sare ya harusi ya mwaka fulani: hizo hazikusafiri kwa belo. Ziko ndani ya makasha na masanduku ya chuma, chini ya vitanda vya Makorora na Chumbageni, na nyingine zimeshageuzwa vitambaa vya kudekia bila mtu kufikiri mara mbili.

Juu ya zote naiweka kanga. Kanga mpya unaipata dukani wakati wowote, na nzuri zipo. Iweke sambamba na kuukuu uone. Ya dukani ni ngumu kwa wanga wa kiwandani, inalia ukiikunjua, rangi imekaa juu ya uzi. Ya kashani imefuliwa mpaka pamba imekuwa laini na nyepesi, rangi imeingia ndani ya uzi, nyekundu imeelekea kwenye rangi ya matofali, nyeusi imeelekea kahawia. Ukiinyanyua kuelekea dirishani mwanga unapita. Pindo la pande zote nne bado linasomeka, mji, yaani eneo la katikati, umechakaa zaidi pale palipokuwa pakikaa kiunoni, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, limefifia upande mmoja kwa sababu upande huo ndio uliokuwa ukiburutwa kwenye mbeleko. Ukikaribisha pua unapata udi, na chini ya udi karafuu iliyowekwa kufukuza wadudu.

Kuna na alama za kusoma, kama kwenye lebo za mtumba. Kanga nyingi za zamani za mwambao zina maandishi ya K.H.E. na "Mali ya Abdulla". Hiyo ni nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa iliyoanza mwaka 1887. Majina ya kanga za mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha baadaye herufi za Kirumi zikashika. Kanga ya herufi za Kiarabu ukiiona, usiifue. Ikunje upya kwa mkunjo tofauti na wa zamani, maana pamba hukatika palepale ilipokunjwa miaka yote, iviringe kwa shuka nyeupe na uulize watu wanaojua. Kanga za matukio nazo, za uhuru, za uchaguzi, za kuzaliwa CCM mwaka 1977, zina mwaka wake juu yake na hazimsumbui mtu kukisia.

Kasha halina bei moja kama lundo. Halina bei kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanaotoka mjini kwa haraka wanapofunga mlango wao wenyewe. Kwenda kwa bibi na pesa mkononi ni kumvunjia heshima. Unakwenda na mkate wa kumimina au kilo ya sukari, unasema shikamoo, unakaa mkekani, unauliza hali za watu wote wa nyumba. Vitu vya zamani vinakuja vyenyewe baada ya chai. Akilifungua kasha, usishike mpaka akupe. Mazungumzo huenda hivi:

"Hii ya lini, bibi?"

"Hiyo? Hiyo sare ya arusi ya mamako mdogo. Tulivaa nyumba nzima. Kipande cha pili nilimpa shoga yangu alipohamia Pemba."

"Na hii yenye doa?"

"Hilo doa la zafarani. Usilitoe hilo, mjukuu wangu."

Habari kama hiyo huipati kwenye turubai wala kwenye simu. Kanga hiyo ikipelekwa kwa mnunuzi wa mapambo itakuwa kitambaa cha kutia kwenye fremu. Ikibaki na maneno ya bibi ni sehemu ya ukoo. Ndiyo maana kwa kanga sishauri kununua kutoka nyumba ya watu usiowajua wakati kwenu kuna kasha ambalo hujawahi kuomba lifunguliwe. Bibi akikupa, pokea kwa mikono miwili, na siku nyingine mletee doti mpya yenye jina zuri, jina alilolichagua mwenyewe. Chukua daftari uandike aliyoyasema: nani alivaa, arusi ya nani, mtaa gani. Iandike siku hiyohiyo.

Hasara ya kasha ni kwamba halikutii. Unaweza kukaa alasiri nzima, ukanywa chai, ukaelezwa ugomvi wa mashamba wa mwaka wa njaa, ukaondoka bila kuona hata kitambaa. Na bibi akisema hatoi, hatoi. Mwenye roho ya kuwinda arudi lundoni. Kashani ni mahali pa mwenye subira.

Vyombo: nyumbani na kwenye mizani

Mwaka 1893 una mambo mawili Tanga. Mwaka huo reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka hapa kuelekea bara, na mwaka huohuo Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini. Mkonge ukaleta wenye mashamba: Wajerumani, Wagiriki, Waswisi, Wahindi. Na kila aliyekuja alikuja na vyombo vyake. Kwa hiyo nyumba za Tanga zina mchanganyiko ambao huwezi kuukuta kila mji: deli la kahawa la shaba na chetezo cha udi vya mwambao, bakuli za enameli zenye ukingo wa buluu, saa ya ukutani iliyosimama, taa ya chemli, cherehani ya Singer. Ya Singer ina namba ya mfululizo iliyogongwa kwenye chuma chake, na kwa namba hiyo mwaka wa kutengenezwa unajulikana. Itafute kabla hujamsikiliza mtu anayekuambia "hii ya Mjerumani".

Vyombo hivi vinatoka kwa njia mbili. Ama vinarithiwa, ama vinauzwa kwa kilo. Kijana wa skrepa anapita na mkokoteni akipiga chuma, mama anatoa sufuria iliyotoboka, na pamoja nayo sinia la shaba lililokuwa limesimamishwa ukutani tangu enzi za mkwe. Shaba ina bei kuliko chuma, inayeyushwa haraka, na kilichoyeyuka hakirudi. Hapa nasema kwa uchungu: kila mrashi unaoingia kwenye gunia lile ni mmoja uliopungua mwambao mzima.

Mrashi ukiushika utanielewa. Tumbo la mviringo, shingo nyembamba ndefu, kichwani kifuniko chenye vitundu vidogo vya kunyunyizia marashi ya waridi kwenye maulidi na arusi. Shingo inafunguka kwa kuzungushwa ili marashi yatiwe. Ule uliotumika kweli una sehemu iliyong'aa na kulainika chini kidogo ya kichwa, pale vidole vilipokuwa vikishika, na nakshi za hapo zimefutika nusu. Mrashi mpya wa kuuzia watalii una nakshi kali kila mahali sawasawa, ni mwepesi, na mara nyingine shingo haifunguki kabisa.

Kwa hiyo ukifika kwa mnunuzi wa skrepa nenda na sumaku ndogo mfukoni. Shaba haishikwi na sumaku. Ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi. Pindua chombo utazame kitako: kitako kilichokaa juu ya jiko na juu ya saruji kina mikwaruzo inayoelekea kila upande. Tafuta mahali palipochomelewa, maana kiraka cha zamani cha risasi hakipunguzi thamani machoni pangu, kinaonyesha chombo kilipendwa mpaka kikatengenezwa. Bei hapo ni rahisi kupatana. Yeye anauza kwa uzito; mwongezee kidogo juu ya bei ya kilo na umwambie kwamba kikija kingine cha namna hiyo akuwekee kabla ya kupakia. Mnunuzi wa skrepa aliyezoea kwamba kuna mtu wa kumwongezea atakuwa mlinzi wa vitu vingi.

Skrepa ina hatari ambayo nyumbani haina: hujui kitu kimetoka wapi. Kifaa cha reli, kitu kinachofanana na cha msikitini au kanisani, kipande cha kauri kinachosemwa kimetoka Tongoni, viache. Kule Tongoni, kusini mwa mji wetu, makaburi ya nguzo ya karne za 14 na 15 yalipambwa kwa vyombo vya kauri, na leo panaonekana zaidi matundu yalipokuwa vyombo hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inailinda pia milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 pamoja na fremu zake. Anayekuuzia mlango wa nakshi wa nyumba iliyobomolewa anakuuzia kesi.

Nikilinganisha hivi viwili, nyumbani kunashinda kwa sababu chombo kinakuja na jina la aliyekitumia. Lakini mwenye nafasi ya kupita kwenye mizani apite, hata kama hanunui kwa ajili yake. Sinia lililookolewa leo linaweza kumrudia mwenyewe kesho, mjukuu akishakua na kuuliza liko wapi.

Santuri na sarafu

Santuri nazisema kwa ufupi kwa sababu zimekuwa adimu. Tanga ilikuwa mji wa muziki wa kusikika Afrika Mashariki nzima, na Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Black Star na Lucky Star za taarabu, pamoja na sauti ya Shakila, ziko kwenye santuri ndogo za mizunguko 45. Sokoni utazikuta zimeachwa juani, zimejikunja. Nyumbani, zilizokaa wima ndani ya kabati, huwa nzima. Iinamishe santuri ili mwanga upite kwa upande: mikwaruzo inayoonekana tu haina neno, ile inayokwaruza ukucha ndiyo itakayoruka. Hata usipokuwa na mashine ya kuipigia, lebo ya katikati peke yake inatosha kukaa mezani.

Sarafu zinamfaa anayeanza, na mtoto pia, kwa kuwa hazihitaji mahali pa kuweka. Za Nyerere za mwaka 1966 bado zinapatikana kwenye makopo ya vifungo: senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, senti hamsini ya sungura, shilingi ya mkono ulioshika mwenge. Hizo omba nyumbani, usinunue. Za Kijerumani ni habari nyingine. Mwaka 1904 rupia iligawanywa kuwa heller 100, na heller kumi zenye tundu katikati zilitoka kuanzia 1908, na heller tano zenye tundu kuanzia 1913. Heller ishirini za mwaka 1916, zilizopigwa Tabora wakati wa vita, zina herufi T na sura ya kukwaruzika, kwa sababu zilitengenezwa kwa mitambo ya dharura. Mtaani wanaokuja na rupia "ya dhahabu" mkononi ni wengi. Dhahabu ya kweli ya Tabora ni ya rupia 15, ina tembo mbele ya mlima, na haiuzwi kando ya stendi.

Jambo moja vyombo na sarafu havifanani, na linaharibu vitu vingi vizuri. Deli au sinia la kutumia lisugue kwa ndimu na majivu laini, suuza, kausha vizuri, litarudi kuwaka. Sarafu usiisugue kwa chochote. Rangi ile nyeusi au ya kijani iliyolala juu yake ndiyo inayomwonyesha mnunuzi anayejua kwamba haijachezewa, na ikishasuguliwa bei yake huanguka mara moja. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye karatasi, na juu ya karatasi andika uliipata kwa nani.